Kimya cha Shilingi Mia Mbili

Kosa langu lina bei, na bei yake naikumbuka: shilingi 200. Nilizitoa Langoni, mjini Lamu, Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti. Nilichonunua ni kimya cha kijana wa mkokoteni.

Siku hiyo nilikwenda jetini kumpokea mgombea, afisa mstaafu wa jeshi. Jina lake silitaji. Anayeungama ni mimi. Boti ya Mokowe ilipofunga, kijana alipakia masanduku mawili na mabunda ya mabango, akasukuma mpaka mlango wa nyumba tuliyokuwa tumemkodia mgeni wetu. Walikuwa wamepatana shilingi 400. Bwana mkubwa akampa 200. Kijana aliponyosha mkono kudai zilizobaki, alitazamwa kuanzia kandambili hadi kofia, kisha akaambiwa: "Simama wima unaponisemesha." Maskini, akasimama wima. Mlango ukafungwa.

Nikatoa 200 zangu, nikamtia kiganjani. "Mdogo wangu, haya yaishie hapa hapa." Alizipokea, asiseme kitu.

Usiku ule ule, baada ya Isha, nilikaa barazani nikamnadi mtu wangu. Hoja nilikuwa nazo. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60, Lamu tumezoea wanajeshi, vizuizi vya barabarani na amri za kutotoka usiku. Nikasema twamhitaji mtu ajuaye lugha ya kambini, ambaye akipiga simu atasikilizwa. Nikamtaja Jenerali Jackson Mulinge, mkuu wa majeshi aliyestaafu akawa mbunge na waziri. Nikamtaja Jakaya Kikwete, luteni kanali aliyevua gwanda 1992 Tanzania ilipoingia vyama vingi, na 2005 akawa rais. "Jeshini," nikamaliza, "mtu hupigwa msasa mpaka tabia mbovu zikamtoka."

Mzee mmoja, mvuvi, akaweka kikombe chake cha kahawa chini. "Na Idi Amin? Msasa haukumfikia?"

Nikajibu upesi kwamba Amin hakuchaguliwa, alipindua serikali 1971.

"Sikukuuliza aliingiaje, mwanangu. Nakuuliza alikuwa nani kabla hajaingia. Huyu wako, wale aliokuwa akiwaamrisha wamsemaje?"

Baraza ilinyamaza ikinisubiri. Jibu nilikuwa nalo, bado bichi la mchana ule. Nikalimeza. Nikamwambia mzee yule, wa umri wa babangu, kwamba mambo ya jeshi hayajulikani na wavuvi. Watu wakacheka. Alimaliza kahawa yake, akaaga, akashika njia.

Swali lake halikuniacha, nikaenda kumsoma Amin. Mwaka 1962, akiwa luteni katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, kikosi chake kilishutumiwa kuwatesa na kuwaua Waturkana katika operesheni ya kusaka wezi wa mifugo. Upande wa Kenya ulitaka ashtakiwe. Gavana wa Uganda, Walter Coutts, akamwachia neno Waziri Mkuu Milton Obote, na Amin akaponea kwa karipio. Uhuru ulikuwa mlangoni, na maafisa Waganda wenye kamisheni walikuwa wawili tu. Baada ya miaka tisa akampindua Obote huyo huyo.

Mgombea wangu simfananishi na Amin. Dhuluma ya mchukuzi si mauaji. Ninayemfananisha ni mimi na wale waliojua, wakaona muda ule haufai kusema.

Wala sisemi gwanda humharibu mtu. Mugisha Muntu aliliongoza jeshi la Uganda tangu 1989 hadi 1998, akatoka na sifa ya uadilifu. 2021 aligombea urais asifikishe hata asilimia 1 ya kura. Hatari ya cheo naiona mahali pengine: humfunga mdomo aliye chini, na aliye chini ndiye shahidi mwenyewe. Mbele ya jenerali mwenzake kila jenerali ni muungwana. Sura ya Sita ya Katiba yetu ya 2010 yadai uadilifu wa viongozi, lakini Katiba haikuwepo pale mlangoni. Nilikuwepo mimi.

Mtu wangu alishindwa, kwa mambo yasiyohusiana na mkokoteni. Mzee nilimwendea kumwomba radhi. Alinimiminia kahawa, asiniulize nimechelewa wapi.

Kijana sasa ni utingo wa boti za Mokowe. Juzi nilimpa noti ya 200 ya nauli. Akaiinua juani, akaigeuza upande huu na huu.

"Hii ni nauli tu, kaka? Maana 2027 yaja, na ile nyingine imepanda bei."

Abiria wakacheka bila kujua. Nikaona afadhali niwaeleze.