Wiki ya Ziara na Chupa Moja

Mimi ni bwana shamba hapa Nassa, kando ya Ghuba ya Speke. Zamani tulikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Tangu 2012 tuko Mkoa wa Simiyu, Wilaya ya Busega. Nina cheti cha kilimo, na kazi hii nimeifanya miaka mingi. Leo sitakufundisha kupanda kwa mistari. Nataka nikusimulie wiki moja ya shule, na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Julai mwaka jana. Mwalimu Mkuu wa shule moja ya msingi aliniita ofisini. Akasema, "Bwana Shamba, Darasa la 4 watakuwa na wiki ya kazi na ziara. Tunaomba uwe nasi siku zote tano." Nilikubali kwa furaha. Wazazi walikuwa wamechanga fedha za kukodi basi dogo. Wengine walitoa mahindi na mtama kwa ajili ya uji. Kila mtoto aliambiwa aje na kofia na chombo cha maji ya kunywa.

Jumatatu tulifanya kazi katika shamba la shule. Watoto waliokota pamba ya mwisho, kisha wakakaa chini ya mti kuichagua. Pamba safi waliiweka upande mmoja, na fifi upande wa pili. Niliwaonyesha jinsi majani makavu na nyuzi za mifuko ya plastiki zinavyoharibu pamba. Niliwaeleza pia kwamba mabua ya pamba lazima yang'olewe na kuchomwa kabla ya msimu mpya, ili wadudu wasipate mahali pa kujificha. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule na shamba visitengane. Siku hiyo niliona maana yake. Watoto walihesabu, walipima na waliandika, na mikono yao ilikuwa kazini.

Jumanne tulikwenda kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Watoto walishangaa sana. Walizoea kuona pamba ikiondoka kijijini kwa lori, lakini hawakujua inakokwenda. Waliona mashine ikitenganisha nyuzi na mbegu. Waliambiwa kwamba kilo 100 za pamba yenye mbegu hutoa nyuzi kilo 35 hivi au zaidi kidogo. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu. Nyuzi hufungwa marobota na kwenda viwandani. Mbegu hukamuliwa mafuta ya kula, na mashudu hulishwa ng'ombe. Mtoto mmoja aliuliza, "Kumbe shati langu na mafuta ya mama vimetoka shamba moja?" Sote tulicheka.

Jua lilikuwa kali. Mwalimu aliwaambia watoto wapumzike kivulini na kunywa maji. Hapo ndipo nilipoiona chupa.

Binti mmoja mdogo alitoa katika kikapu chupa nyeupe ya lita moja, yenye mfuniko wa kijani. Haikuwa na karatasi ya maandishi. Lakini niliitambua mara moja. Ilikuwa chupa ya dawa ya kuua wadudu wa pamba. Nilikimbia, nikampiga mkononi, chupa ikaanguka. Mtoto akaanza kulia. Nikamwuliza, "Umekunywa?" Akajibu, "Nimekunywa asubuhi, na sasa hivi tena."

Ndugu msomaji, mwili wangu uliishiwa nguvu. Mwalimu mmoja alibaki na watoto wengine. Mimi na mwalimu wa kike tulimpeleka binti yule zahanati kwa pikipiki. Chupa tuliichukua pia, ndani ya mfuko. Nilimtajia mganga jina la dawa iliyokuwamo. Alimtazama mtoto mboni za macho. Alitazama kama anatoka jasho jingi au mate mengi, kama anatetemeka, kama anatapika au ana kizunguzungu. Hakuona dalili hata moja. Hata hivyo hakumruhusu kuondoka. Alikaa naye mpaka jioni.

Mtoto alikuwa salama. Lakini alisalimika kwa bahati, si kwa busara ya mtu yeyote.

Jioni nilimrudisha nyumbani. Anaishi na bibi yake. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia mama yule mzee. Nilifika, nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda. Nikasema, "Shikamoo, mama. Chupa hii umeitoa wapi?"

Akanitazama kwa muda. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe uliyenipa."

Nilikumbuka yote. Mwezi wa Februari nilikuwa nimefundisha kupiga dawa katika shamba lake, kwa sababu ya funza wa vitumba. Kazi ilipokwisha, aliomba ile chupa tupu. Ilikuwa chupa nzuri, haivuji. Nilimpa. Nilimwambia, "Ioshe vizuri tu, mama." Hakusema ataweka nini ndani yake, na mimi sikuuliza.

Akaendelea, "Nimeiosha kwa mchanga na sabuni, mara nyingi. Nikaona haina harufu tena. Lakini nikuulize, Bwana Shamba. Ilikuwa na karatasi ya maandishi. Karatasi ile ilikwenda wapi?"

Nilikaa kimya. Karatasi ile nilikuwa nimeibandua mimi. Nilitaka kuibandika katika daftari langu la kazi, niwe na kumbukumbu ya dawa tuliyotumia.

Akasema, "Mimi najua kusoma. Nilijifunza katika kisomo, 1974. Vitabu vyetu vilikuwa vya pamba. Ungeniachia karatasi ile ningesoma. Ungeniachia hata ile picha ya fuvu ningejua."

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika nchi yetu. Mamilioni ya watu walikwenda madarasani, chini ya miti na katika maghala, ili waweze kusoma mambo kama haya. Huyu mama alitoka shambani akiwa amechoka, akajifunza herufi. Halafu mimi, mwenye cheti, nikamwondolea maandishi.

Nilimwomba radhi. Alinijibu, "Radhi nimekupa. Lakini chupa kama hizi ziko nyumba nyingi. Uwaambie watu. Na uwaambie kwamba ulitoa wewe."

Jumatano tulikwenda ziwani kwa miguu. Mwalimu aliwaeleza watoto kwamba ghuba yetu ina jina la Speke, Mwingereza aliyefika katika ziwa hili mwaka 1858. Wazee wetu walikuwa wakivua hapa zamani kabla yake. Waliona dagaa wakianikwa, na sangara wakipimwa. Waliambiwa wasioge kwenye maji yenye majani kando kando, kwa sababu ya kichocho. Mimi nilisema neno moja tu: bomba la dawa lisioshwe ziwani, wala mtoni, wala kisimani. Dawa inayoua funza huua na samaki. Nilisema kwa sauti ndogo. Usiku uliotangulia sikulala.

Alhamisi tulikwenda Ndabaka, lango la Hifadhi ya Serengeti lililo upande wetu wa ziwa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951. Watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuiona, lakini wengi wa watoto wale hawakuwa wamewahi kuingia. Waliona nyumbu, pundamilia na twiga. Binti yetu alikuwamo. Nilipomwona akipanda basi, nilitazama kikapu chake. Bibi yake alikuwa amempa kibuyu cha maji, kimefungwa kwa kamba ya katani. Binti aliniambia, "Bibi amesema kibuyu hakina maandishi, lakini anajua kilikotoka."

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi. Watoto waliimba, wakasoma waliyoandika juu ya ziara zao. Kisha Mwalimu Mkuu akanikaribisha niseme machache. Nilikuwa na hofu. Nilifikiri, nikikiri kosa hili, nani atanisikiliza tena msimu ujao? Ningeweza kusema "mtu mmoja alitoa chupa." Lakini bibi yule alikuwa amekaa mstari wa mbele, ananitazama.

Nikasimama, nikasema, "Chupa niliitoa mimi. Karatasi niliibandua mimi." Nikawaeleza yote. Watu walinyamaza. Kisha baba mmoja akasimama nyuma. Akasema kwamba yeye huweka mafuta ya taa katika chupa kama ile, na mkewe huweka maziwa katika nyingine. Mama mwingine akasema yake ni ya chumvi. Wakafuata wengine. Kama ningemtaja "mtu mmoja," nadhani wote wangebaki kimya.

Jumatatu iliyofuata nilianza kupita nyumba kwa nyumba. Sikuwatuma watoto kukusanya vyombo hivyo, kwa maana si kazi ya mtoto. Hiyo ndiyo kazi ninayoendelea nayo mpaka sasa.

Ndugu msomaji, nawe tafadhali shika mambo haya:

1. Usibandue karatasi ya maandishi kwenye chombo cha dawa. Isome kabla ya kutumia. Tazama ukanda wa rangi. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Hata ya kijani si ya kuchezea.

2. Chombo kikiisha dawa, kisuuze kwa maji mara 3, na maji hayo yamimine ndani ya bomba, uyapige shambani. Kisha kitoboe, kisitumike tena.

3. Usikichome moto nyumbani, moshi wake ni sumu. Usikitupe mtoni wala ziwani. Mwulize afisa ugani wako au chama cha ushirika mahali pa kukipeleka.

4. Usiweke maji, maziwa, chumvi wala mafuta katika chombo cha dawa, hata kama umekiosha mara 100. Sumu huingia katika plastiki. Pua haiwezi kuijua.

5. Mtu akinywa dawa, usimlazimishe kutapika. Mpeleke zahanati upesi, na uchukue chombo au karatasi yake umwonyeshe mganga.

Daftari langu bado ninalo. Karatasi ile ingali imebandikwa humo. Kila ninapokwenda kufundisha kupiga dawa, hulifungua ukurasa huo kwanza, nikawaonyesha wakulima, nikawasimulia habari za bibi na chupa. Halafu ndipo tunaanza kazi.