Ziyara ya Lamu: Kumkumbuka Habib Swaleh na Nyumba Aliyoiacha



Likizo ya shule iliyopita tulifunga safari ya Lamu pamoja na jamaa zetu wa nyumbani: mama watoto, wanetu watatu, na mama yetu mzazi, ambaye alikuwa na hamu ya kuuona tena mji huo kabla magoti hayajamkatalia. Tulitoka Mombasa mapema kwa basi, tukapita Malindi na Garsen, hata tukafika Mokowe, mahali ambapo barabara hukoma na bahari ikaanza. Hapo kila abiria huteremka, tajiri na maskini, akaingia chomboni na mzigo wake. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, kisha tukavuka.

Si mara yetu ya kwanza kufika Lamu. Tumekwenda mara nyingi katika Mfunguo Sita kwa ajili ya Maulidi, lakini kila mara tulikwenda na masheikh wenzetu, na watoto tukawaacha na mama yao. Safari hii ndiyo ya kwanza kwenda nao, na kwa hakika ndiyo iliyotufunza zaidi kuliko zote zilizotangulia.

Mji wa Lamu umejinyoosha ufuoni, ukielekeana na kisiwa cha Manda. Upande wa kaskazini ni Mkomani, penye majumba ya mawe, milango ya nakshi, na vichochoro vyembamba hata watu wawili wakikutana na punda hapana budi mmoja ajibanze ukutani. Katikati ipo Ngome, na ukielekea kusini waingia Langoni. Tangu zamani Langoni ndiko walikokaa watu wasiokuwa na majumba ya mawe: wageni, wavuvi, wachukuzi, na waliokuwa watumwa pamoja na vizazi vyao. Ukiupa mgongo ufuo ukapanda mitaa hiyo yenye mchanga, ndipo unapoufikia msikiti wa Riyadha.

Tulikaa kivulini, mama yetu tukamtandikia mkeka, tukawasimulia watoto habari za mwenye kuuasisi msikiti ule.

Habib Swaleh bin Alawi Jamalilleyl alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, katika ukoo wa masharifu. Alikuja Lamu angali kijana, mahali alipokuwa na jamaa zake, akasoma kwa wanavyuoni wa mji. Zama zile elimu ilikuwa na mlango mwembamba. Watoto wa waungwana walikaa mbele katika darsa, na mtumwa au mgeni asiye na nasaba hakuwa na mkeka wa kukalia. Habib Swaleh, juu ya usharifu wake, aliwafuata waliofungiwa mlango. Alihamia kwao Langoni, akala nao, akawafundisha Qur'ani na dini, na wagonjwa akawatibu kwa dawa za miti. Wako walioona ameivunja heshima ya ukoo wake. Hakurudi nyuma.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama msikiti wa Riyadha, kwa jina lile lile la msikiti wa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi mjini Seiyun, Hadhramaut. Maulidi yaliyotungwa na Habib Ali, Simtud Durar, ndiyo ambayo Habib Swaleh aliyasimamisha hapo pamoja na matari, na hadi leo watu huyaendea kutoka pande zote za mwambao na nje yake. Alifariki mwaka 1935, Mwenyezi Mungu amrehemu, na chuo chake kikabaki kikitoa walimu waliotawanyika pwani hii yote, hata vijiji ambavyo yeye mwenyewe pengine hakuvikanyaga.

Tulipomaliza, binti yetu mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, akauliza kwa adabu:

“Baba, mtu aliyewashughulikia watu wote hawa, wanawe walimwona saa ngapi?”

Sisi ni watu wa mimbari, na jawabu huwa karibu na ulimi. Siku ile ulimi ulikuwa mzito. Tulifahamu kwamba hakuwa akimuuliza Habib Swaleh. Miaka miwili nyuma, siku aliyokhitimu Qur'ani madrasani, wazazi wa wenzake walikuwa wamekaa safu ya mbele, nasi tulikuwa Kilifi tukisuluhisha mume na mke waliokaribia kuachana. Suluhu ilipatikana, alhamdulillahi, na watu wakatushukuru sana. Tuliporudi nyumbani usiku, binti alikuwa amelala, na sahani ya halua iliyowekwa kwa ajili yetu ilikuwa imefunikwa mezani. Hatukuwahi kumtaka radhi. Tulidhani kazi ya Mungu haihitaji udhuru.

Mama watoto hakusema neno. Aliinamisha uso, na kunyamaza kwake kulitosha.

Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta, tasbihi mkononi, alikuwa akitusikiliza. Akamgeukia binti yetu, akamwambia: “Umeuliza vyema, mjukuu wangu. Hebu tazama. Msikiti uko hapa, na jamaa zake wako hapa hapa. Alipofariki, waliokishika chuo ni wanawe, Sharif Ahmad Badawi na Sharif Idarus, na baada yao wajukuu. Sasa nikuulize nami: mtoto ataishikaje kazi ya babake na moyo wa kuipenda, ikiwa kazi hiyo ndiyo iliyomnyang'anya baba?”

Binti akatabasamu. Sisi tuliinamisha kichwa.

Tumelitafakari neno la mzee yule tangu siku hiyo. Wengi wetu tunaotumikia jamii tumejifanyia mizani miwili: huku watu, huku nyumba, na kila tunachowapa watu tunakipunguza nyumbani. Lakini ukitazama yaliyobaki Riyadha, huoni mizani hiyo. Elimu ilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama kazi ya nyumba moja. Urithi wa namna hiyo haupatikani kwa wasia wa siku ya mwisho. Hupatikana kwa mtoto kukaa karibu, kuona, kusikia, kutumwa, na kupewa nafasi yake katika shughuli ya babake.

Na haya hayakuzuka Lamu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mbora wetu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa habari zake ndani ya nyumba, alieleza kwamba alikuwa akiwatumikia ahali zake, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Huyo alikuwa amebeba umma mzima juu ya mabega yake. Sisi tumebeba kamati ya msikiti na nikaha za Jumapili, nasi twasema hatuna wakati.

Asubuhi yake, baada ya Alfajiri, tulikwenda kuzuru kaburi lake. Tuliwatolea salamu watu wa makaburini, tukamwombea maghufira na rehema, tukawakumbusha watoto kwamba maiti huombewa wala haombwi, na kwamba kila mmoja wetu atalala mahali kama pale.

Jioni tulikaa na binti yetu ufuoni, mashua zikirudi na punda wakipelekwa makwao. Tukamtaka radhi kwa siku ile ya khitima, kisha tukamwomba atusomee sura aliyoisoma mbele ya watu nasi hatupo. Kwanza aliona haya. Halafu akasoma Yasin tangu mwanzo hadi mwisho, na bibi yake akilia kimya kimya pembeni. Tulimsahihisha mahali pamoja tu, na hapo pia alikuwa karibu kupatia.

Tangu tuliporudi Mombasa, usiku wa Jumatatu na wa Alhamisi, baina ya Magharibi na Isha, hatupokei wito wa mtu isipokuwa wa maziko. Wako waliotununia. Na darsa ya Jumamosi twaenda na kijana wetu wa kiume, yeye ndiye afunguaye kwa kusoma aya, na wazee wa pale sasa humuulizia yeye kabla ya kutuulizia sisi.

Ndugu zetu, mkijaaliwa likizo, wapelekeni watoto Lamu. Anzeni safari mapema, chukueni maji na chakula cha njiani, vaeni mavazi ya heshima, na msiishie ufuoni penye wageni. Pandeni hadi Langoni. Nanyi mama zetu na dada zetu, ambao aghalabu ndio mnaobaki na watoto wakati waume wako katika kheri za watu, msione haya kuuliza swali aliloliuliza binti yetu. Liulizeni kwa upole, lakini liulizeni.

Mwenyezi Mungu amrehemu Habib Swaleh na wote waliomtangulia na kumfuata katika kheri, awajaalie wanetu kuwa kitulizo cha macho yetu, na asitufanye taa inayowamulikia watu nje na ndani ya nyumba yake mna giza. Amin.

Wabillahi tawfiq.