Asilimia 80 ya Hamburg si Asilimia 80 ya Dar

Muulize fundi wa kompyuta hapa Hamburg namna ya kuifanya betri ya laptopu idumu. Atakwambia usiiache chaji ipande zaidi ya asilimia 80 wala ishuke chini ya 20. Ni ushauri sahihi kabisa. Sasa upeleke Dar es Salaam wakati wa mgao, umwambie mpwa wako anayemalizia ripoti ya chuo achomoe chaja ikifika 80, na hajui umeme utakatika saa ngapi. Atakuona umekaa Ulaya mpaka umesahau ulikotoka, na mimi nitakuwa upande wake.

Kuna maswali mawili tunayachanganya: leo chaji itakaa saa ngapi, na betri yenyewe itaishi miaka mingapi? Huku watu huhangaika na la pili, kwa sababu soketi zipo kila mahali, maktabani na hata kwenye treni za masafa marefu. Nyumbani linalouma ni la kwanza. Na majibu ya maswali hayo mawili hugongana: anayejaza betri pomoni ili afike jioni ndiye anayeizeesha.

Betri za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, huchakaa hata zikikaa bila kutumika. Zinachakaa upesi zaidi chaji iliyojaa inapokutana na joto. Katika vipimo vinavyonukuliwa sana na mafundi, betri iliyojaa ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 25 hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Ipandishe hadi nyuzi 40, inabaki na 65 hivi. Ihifadhi na chaji ya asilimia 40 tu kwenye nyuzi 25, itabaki na kama 96.

Ukizisoma hesabu hizo vizuri utaona kwamba laptopu za huku na za nyumbani haziuawi na kitu kimoja. Ya huku huuawa na soketi. Imewekwa juu ya meza kwenye chumba chenye ubaridi, imechomekwa Januari hadi Desemba, na chaji iko 100 muda wote. Ndiyo maana Lenovo, ASUS na Dell wameweka kwenye mashine zao nyingi mpangilio wa kusimamisha chaji ikifika 80. Ya Dar huuawa na joto. Februari hewa peke yake inafika nyuzi 32, na laptopu iko juu ya godoro, shuka limeziba matundu ya hewa, inachajiwa huku inaonyesha filamu. Nyingine imeachwa kwenye gari lililoegeshwa juani. Hapo nyuzi 40 si jambo la kubahatisha.

Kwa hiyo nyumbani ningepindua mpangilio wa ushauri: joto kwanza, asilimia baadaye. Weka laptopu juu ya meza au ubao. Feni ikianza kuvuma kupita kawaida, mpe fundi aipulize vumbi. Siku ambazo umeme umetulia, acha kikomo kiwe 80. Mgao ukitangazwa, jaza hadi 100 bila kuona haya, kisha itumie. Saa chache ikiwa imejaa haziiumizi sana. Zinazoiumiza ni wiki na miezi. Kuhusu kufika jioni, kinachokula umeme zaidi mara nyingi ni skrini, basi punguza mwangaza kabla hujaanza kufunga programu.

Na tafadhali, tuachane na lile agizo la dukani la kuchaji betri mpya kwa saa nane kabla ya kuitumia, au kuikausha hadi sifuri ndipo uichaji. Hizo ni taratibu za enzi za betri za nikeli. Ya lithiamu ukiikausha hadi sifuri kila mara unaichosha bure.

Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar, zimeshatumika ng'ambo, yaani zimeshazeeshwa na soketi za watu wengine. Kabla hujalipa, kama ni ya Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo uliobaki. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, nenda duka la pili.

Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, sheria ya Umoja wa Ulaya itataka betri za vifaa vya kubebeka, isipokuwa vichache, ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Laptopu zenye betri za namna hiyo nazo zitafika Kariakoo, miaka michache baadaye.

Kwa sasa, wewe unayerudi likizo na laptopu ya ndugu yako begini: iwekee kikomo cha chaji kabla hujamkabidhi, na umwonyeshe namna ya kukiondoa umeme ukisumbua. Kama umemnunulia na betri ya akiba, ibebe kwenye begi la mkononi, maana kwenye mzigo wa chini ya ndege hairuhusiwi.