Nguo ya Jembe

Katika vitabu vya shule tulisoma kwamba nchi za Ulaya zina majira manne, na kwamba yanayopendwa kuliko yote ni yale ya machipuko, theluji inapoyeyuka na miti inapovaa majani tena. Mtoto wa Katanga akisoma hayo hudhani kwamba kwao hakuna kitu cha namna hiyo. Atoke basi nje ya mji wa Lubumbashi mwezi wa tisa, atazame msitu. Mvua ilikwisha tangu mwezi wa nne, udongo umekuwa mgumu kama tofali, vumbi jekundu limelala hata juu ya paa za nyumba. Na katika ukame huo huo, pasipo tone moja la mvua, miombo inachipua. Majani yake mapya hayatoki na rangi ya kijani. Yanatoka mekundu, mengine kama shaba, mengine ya manjano, na baada ya muda ndipo yanapogeuka kijani. Mizizi imeshuka mbali chini ya nchi, inanyonya maji yaliyobaki huko. Kwa hiyo mti haungoji wingu. Hayo ndiyo machipuko yetu, nasi hatuna haja ya kuyaazima kwa mtu.

Wakati huo ndipo ninapotoa sindano na uzi. Bustani ya kipwa inakaribia kwisha, maji ya kisima yameshuka, shamba la mahindi halijaanza. Mikono ina nafasi. Mvua ikiisha kukaa, mwezi wa kumi na moja, hakuna mwanamke wa jembe atakayepata saa moja ya kuketi na kushona. Nguo ya kazi lazima iwe tayari kabla ya kazi.

Pengine utaniuliza: Nguo ya kazi ndiyo nini? Si kikwembe cha zamani tu? Najua, ndiyo desturi yetu. Kikwembe kipya kinakaa sandukuni, kinatoka siku ya Noeli na siku ya ndoa. Kikianza kupauka kinakwenda Misa ya kila Jumapili, halafu sokoni, halafu jikoni, na siku kinapopasuka ndipo kinapewa shamba. Yaani shamba linapata kile kilichokataliwa na mahali pengine pote. Tena, nisemeni kweli, kikwembe ni kitambaa kizuri lakini kwa jembe hakifai. Ukiinama kinalegea. Unaacha jembe, unafunga tena kiunoni, unaokota jembe, unapiga mara sita au saba, nacho kinalegea tena. Hesabu siku moja ni mara ngapi unafunga kabla ya kumaliza tuta moja, utaona jinsi saa zinavyopotea.

Mama yangu alijifunza kushona kwa Masista, katika foaye, ile nyumba ya mafundisho ya wanawake iliyokuwa katika kambi za wafanyakazi wakati wa Wabelgiji. Alisema kwamba Sista hakutazama nguo upande wa nje. Aliigeuza, akatazama mishono ya ndani, na hapo ndipo alipotoa hukumu. Mambo mengine ya foaye yalicheka desturi zetu, na mama hakuyapenda. Lakini sindano aliipenda mpaka kufa kwake, naye ndiye aliyenionyesha nguo hii ninayotaka kuwaeleza.

Kitambaa kiwe pamba tupu, kizito kidogo. Nailoni inafungia jasho, na mwezi wa kumi ndio wenye joto kuliko yote kwetu. Wamama wa zamani walitumia amerikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Jina hilo lilitoka kwa wafanyabiashara wa Marekani waliokileta Unguja katika karne ya 19, nacho kikafuata njia za misafara mpaka huku bara. Siku hizi mimi hutafuta shuka za kitanda katika marundo ya nguo kuukuu zinazotoka Ulaya. Shuka huchakaa katikati, mahali mtu anapolala, lakini kando zake huwa nzima bado, tena ni laini kwa sababu zimefuliwa mara nyingi. Kama kitambaa ni kipya, kifuliwe kwanza katika maji ya moto na kuanikwa. Pamba mpya inapungua ikifuliwa. Afadhali ipungue kabla ya kukatwa kuliko kupungua mwilini mwako.

Sina karatasi ya vipimo. Ninakunja kitambaa mara moja, mkunjo ukae mabegani, hivi begani hapana mshono wa kukwaruzwa na mpini au na mzigo. Urefu unafika chini ya magoti, pamoja na vidole vinne vya kupinda. Upana ninaupima kiunoni na nyonga, halafu ninaongeza shibiri moja kila upande, maana nguo ya kazi isimshike mtu. Shingo ninaikata kidogo, ninajaribu kichwa, ninaikata tena kidogo. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi.

Mikono ni vipande viwili vilivyonyoka, vyenye kufika kwenye viwiko. Na sasa nisikilizeni vizuri. Chini ya kila kwapa ninatia kipande kidogo cha pembe nne, upana wa kiganja, kilichogeuzwa ili pembe moja iingie katika mkono na nyingine ishuke ubavuni. Fundi wengi wa mjini wanakiacha kipande hiki kwa sababu kinachelewesha. Lakini ndicho nguo yote. Pasipo hicho, ukiinua jembe nguo nzima inapanda juu, mshono wa kwapa unavutwa, na baada ya juma moja umepasuka. Ukiwa nacho, mkono unapanda peke yake na nguo inabaki mahali pake.

Uzi usizidi urefu wa kutoka vidole mpaka kiwiko. Mrefu zaidi unajifunga mafundo. Ninaupitisha katika kipande cha mshumaa ili upate nta kidogo. Mahali panapovutwa ninashona kwa kurudisha sindano nyuma kila hatua, halafu ninakunja ukingo mmoja juu ya mwingine na kushona mara ya pili, ndani pasionekane nyuzi zinazoning'inia. Mbele ninatia mifuko miwili mikubwa, mmoja wa mbegu, mmoja wa kisu kidogo na kamba. Rozari haikai pamoja na kisu, inavaliwa shingoni.

Mashini inafanya upesi, sikatai. Lakini mashini ni ya fundi, na fundi anataka feza. Sindano inakaa katika kiganja, haitaki umeme, na kwetu umeme unakatika bila kuaga. Jioni nne au tano zinatosha kwa nguo moja, nikiwa chini ya mwembe na wajukuu wakisoma karibu.

Sasa niwaambie kwa nini naona jambo hili kuwa kubwa kuliko sindano yenyewe.

Katika mtaa wetu kuna mjane mwenye watoto wanne. Mumewe alipokufa alimwachia kipande cha shamba ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kila siku aliondoka saa kumi ya usiku, giza likiwa bado nene, na kurudi jua limekwisha kuzama. Sisi tulimsifu. Tulisema, tazameni bidii ya yule. Wengine tulimhofia pia, kwa maana njia ile si njema usiku. Siku moja alikuja kwangu kuazima sindano.

– Mama, nisaidie na uzi pia, kama unao.

Nilimwambia alete nguo, tushone pamoja. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaitoa katika mfuko. Wapenzi, kitambaa kile hakikuweza tena kushika uzi. Ukichoma sindano, tundu lilifunguka na kuwa pasuko. Nikaelewa mambo ya saa kumi ya usiku. Haikuwa bidii tu. Alikuwa na kikwembe kimoja kizima, alichokiweka kwa Misa na kwa kwenda shuleni kwa watoto, na hakutaka mtu amwone njiani na zile nguo nyingine.

Niliwaeleza wamama wawili watatu wa kikundi chetu, bila kutaja mengi. Mmoja akasema tumnunulie nguo. Wazo jema, lakini angeipokeaje? Mtaa mzima ungejua, na angekuwa mwenye kupewa kila mara anapoivaa. Mwingine alisema feza ya kikundi ni ya kuandaa sikukuu ya parokia, si ya mtu mmoja. Tulibishana sana, sitaficha. Mwishoni mama mzee kuliko sisi sote alisema neno fupi: Tushone sote. Basi tulinunua kitambaa cha rangi moja, buluu nzito, kila mama akalipa kadiri ya uwezo wake, na kwa majuma matatu tulikutana kila Alhamisi baada ya saa nane. Tulikuwa kumi na wawili. Yule mjane alikuja kama wengine, akakata yake, akashona yake. Tena mkono wake ni mwepesi. Kile kipande cha kwapa alikielewa kabla ya wote, akawafundisha wengine.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda mashambani sote tumevaa buluu, jua likiwa limekwisha kuchomoza. Vijana wa barabarani walituita askari. Tulicheka. Naye alikuwa katikati yetu.

Padri akisoma sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo, wahubiri husema juu ya nyoka, juu ya tunda na adhabu. Mimi macho yangu yanabaki kwenye neno lililo karibu na mwisho wa sura. Adamu na Eva walikwisha kujishonea majani ya mtini, kazi ya haraka ya watu wenye aibu. Halafu Mungu, kabla ya kuwatoa waende kulima udongo, aliwafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Aliwakasirikia, lakini hakuwaacha waende shambani na majani yenye kunyauka. Nguo ya kwanza imara inayotajwa katika Maandiko ilikuwa ya watu waliokuwa wanakwenda kulima.

Na wale wasichana wetu wanaoona haya kukutwa na jembe, ningependa waisome Injili ya Yoane, sura ya 20. Maria Magdalena alimwona Yezu mfufuka asubuhi ile, akadhani ni mtunza bustani. Injili haisemi kwamba Bwana alichukizwa na kosa hilo.

Mwenye nguo hiyo anaionaje bustani? Anaiona kwa raha, kwa sababu hana kitu cha kukiogopea. Matope yakiruka, yaruke. Mwezi wa kumi ninaamka mapema, nakwenda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba. Ninyi wa Katanga mnavijua vichuguu vyetu, vingine vinapita urefu wa nyumba. Wenye kufyatua matofali wanavichimba. Mimi ninachimba kidogo pembeni, kwa maana udongo wake ukichanganywa na samadi unalisha mboga vizuri kuliko ule mwekundu. Ninautandaza katika matuta ya lengalenga. Napanda vikonyo vya matembele mahali maji ya kuogea yanapopita. Ninatia mbegu za maboga kando ya ua, kwa ajili ya majani kwanza, matunda baadaye. Maji ninayachota na kumwaga kwa kopo lililotobolewa matundu, asubuhi na jioni, mpaka mvua ije.

Nayo mvua ya mwezi wa kumi ni yenye hila. Inanyesha siku moja kwa kishindo, harufu ya udongo inapanda, watu wanakimbia kupanda mahindi. Kisha jua linarudi majuma mawili, na mahindi yaliyochipua yanakauka yakiwa na majani mawili. Wazee wanachimba kwa mkono. Kama unyevu haujapita kina cha kiganja, wanarudi nyumbani na mbegu zao. Mimi nafuata wazee.

Kazi ikiisha, naketi chini, juu ya udongo wenyewe. Kwa kikwembe cha Jumapili nisingeketi hapo. Mijakaranda ya barabara imemwaga maua ya zambarau mpaka uani kwetu, na maembe bado ni madogo kama vidole. Kuna kale kandege kadogo kanakonyonya maua, kanakuja karibu sana mtu akitulia. Naketi nusu saa nzima bila kufanya kitu chochote, na hakuna anayenidai.

Juma lililopita nilifua ile nguo ya buluu. Nilisahau kwamba mfuko mmoja ulikuwa na mbegu za lengalenga, zile ndogo nyeusi, nami nikamwaga maji ya kufulia karibu na jiwe kama kawaida. Leo asubuhi kuzunguka jiwe hilo kumeota miche mingi yenye majani mekundu chini. Wajukuu wameizungushia vijiti ili kuku wasiifikie.