Amri Ibaki Gwarideni

Mwezi wa Desemba uliopita nilipata likizo, nikamchukua baba yangu, askari polisi mstaafu, tukasafiri kutoka Uganda hadi Bagamoyo, nchini Tanzania. Hatukulala mjini. Tulipanga katika nyumba ya wageni iliyoko shambani, upande wa Kaole, penye minazi na miembe. Nyumba ile ina vyumba vinne tu. Mama mwenye nyumba hupika, mwanawe huvua samaki, na mjukuu wake wa miaka tisa huwapelekea wageni maji ya kunawa.

Jioni ya kwanza mtoto yule alitusalimu, "Shikamoo, babu." Baba akaitikia, "Ndiyo!" Kisha akanguruma kama yuko gwarideni: "Wewe! Lete maji! Upesi!" Mtoto akashtuka, birika likamponyoka, akakimbilia jikoni. Nami, mtumishi wa serikali mwenye watoto wangu, nilijiona nimesinyaa. Sauti ile niliijua tangu utotoni kambini. Nyumbani tulisema lugha ya mama. Kiswahili kilipoingia, tulijua kwamba kosa limeonekana.

Mama mwenye nyumba hakukasirika. Aliliokota birika, akalijaza, akammiminia maji mwenyewe, akasema, "Baba yangu, huku tunasema naomba." Baba alinawa kimya. Wali wa nazi na samaki wa kupaka alivila bila neno.

Asubuhi tulikwenda kutazama magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe, kisha tukafika katika misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Wamisionari Wakatoliki waliofika Buganda mwaka 1879 walianzia Bagamoyo safari yao ya bara. Misafara ya biashara, iliyoteremsha pwani pembe za ndovu na watumwa, ndiyo iliyokipandisha Kiswahili hadi kwetu. Nilimweleza baba hayo kama mwalimu mbele ya darasa. Akaniuliza, "Na hao walioileta lugha hii, walisemaje walipotaka maji?" Sikuwa na jibu.

Jioni nilimkuta amesimama mlangoni pa jikoni, kofia mkononi. "Mjukuu wangu, naomba maji." Mtoto alimtazama bibi yake, kisha akaleta. "Shikamoo, babu." Baba akanigeukia. Nikamnong'oneza. "Marahaba," akasema taratibu.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Jambo hilo ni jema, lakini mtoto hataipenda lugha ambayo huisikia wakati wa kugombezwa tu. Tangu turudi, baba akiwapigia simu wanangu huwauliza kwa Kiswahili kama wamekula. Mimi hakuniuliza hivyo hata siku moja, lakini nafurahi ninaposikia.

Ndugu zangu askari, amri ibaki gwarideni. Nyumbani tuingie na naomba.