Alisi katika mtumbwi wa Matema

Ukitoka Kyela mjini kwenda Matema unapita Ipinda, mpunga huku, mikakao huko, mvua muda wowote inapojisikia. Nilikwenda kwa kazi ya habari za malaria. Ila kwenye mkoba, pamoja na daftari, nilibeba *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2015. Kuna nyingine ya zamani zaidi, ya 1940, inayomwita mtoto huyo Elisi.

Utotoni nilisimuliwa kwa kifupi tu: sungura, shimo, malkia anayetaka watu wakatwe vichwa. Nilicheka sana. Safari hii malkia hakunichekesha. Nilichokiona ni mtoto anayeuliza maswali ya maana na kila mkubwa anamjibu kwa amri, au kwa fumbo, au hamjibu kabisa. Kuna kiwavi anamuuliza yeye ni nani, naye hawezi kusema, kwa sababu tangu asubuhi mwili wake umebadilika mara kadhaa. Mzazi mwenye kijana wa miaka kumi na tatu nyumbani, ukurasa huo usome taratibu.

Kutoka Matema kwenda Ikombe, kwa Wakisi wanaofinyanga vyungu, wengi hupita ziwani, maana milima ya Livingstone imeshuka hadi majini na njia ya miguu inachosha. Nilipanda mtumbwi na mama mmoja na binti yake wa miaka kama tisa. Ziwa lilikuwa limetulia. Nikasoma kwa sauti. Hadithi yenyewe ilizaliwa majini: mwaka 1862 Lewis Carroll, mwalimu wa hesabu wa Oxford, aliisimulia kwenye boti la makasia kwa mabinti watatu wa mkuu wa chuo chake. Kitabu kikatoka 1865.

Tukafika pale Alisi anapokuta chupa mezani imeandikwa anywe. Anaikagua kama ina alama ya sumu, haoni, anakunywa.

“Dada, angeuliza kwanza,” binti akasema. “Kwetu chupa ya soda ina mafuta ya taa.”

Mama yake akaniangalia, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Hapo mwandishi wa afya akaamka. Mafuta ya taa na dawa za kupulizia mikakao havikai kwenye chupa ya soda wala ya maji, hata kwa siku moja, kwa sababu mtoto anaijua chupa na hasomi kilichomo. Akishakunywa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa ukidhani ni tiba. Mafuta ya taa yakirudi juu huweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke kituo cha afya haraka, na chupa uibebe. Alisi alipona kwa kuwa ni hadithi.

Nikaendelea. Alisi akawa mdogo, akakua hadi kichwa kikagusa dari, akalia, akapungua tena na kuogelea kwenye machozi yake mwenyewe. Binti alitazama maji yaliyotuzunguka, akapima kwa macho.

“Mama yake yuko wapi?”

Kitabuni hayupo. Kuna dada yake kando ya mto, na paka aliyeachwa nyumbani. Nikamwambia hivyo.

“Basi soma haraka tuone kama dada anamtafuta,” akasema.

Mama akasogeza kapu lake nipate kukaa vizuri. “Soma, mwanangu. Ikombe bado mbali.”