Kabati la Mvinje

Ukitaja kabati hapa shuleni, wengi hufikiria lile la dukani Malindi mjini, lenye kioo kirefu na funguo mbili. Makala haya hayahusu kabati la aina hiyo. Yanahusu kabati nililolijenga kwa mikono yangu nyumbani kwetu Kakuyuni, likizo ya Desemba 2023, kwa miti ya mvinje, mabanzi na kamba ya usumba. Yanahusu pia ugomvi uliozuka kabla hata msumari wa kwanza haujapigwa.

Chumba chetu sisi watoto ni cha udongo na makuti, urefu wake pima mbili tu. Tulikuwa wanne. Nguo za kushindia zilining'inia kwenye kamba iliyokatiza kutoka kona hadi kona, na za shule zilikaa katika sanduku la bati la hawe, yaani nyanya yetu. Asubuhi tulipigana vikumbo tukitafuta soksi, lakini shuleni tulifika.

Kisha zikaja mvua za El Niño. Mto Sabaki, ambao kule bara huitwa Athi na ukipita Tsavo huitwa Galana, ulifurika Novemba 2023. Shangazi yangu, aliyekuwa akilima bondeni kando yake, akatujia na watoto watatu na furushi moja lililofungwa kwa kanga.

"Sisi wageni tu," alimwambia hawe. "Maji yakishuka tunarudi."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shangazi hakungoja siku ya tatu, jembe alilishika kesho yake alfajiri. Lakini furushi, wapi! Lilikaa karibu na mlango kama abiria anayengoja matatu. Akitaka nguo aliingiza mkono ubavuni, akavuta moja, akakaza fundo tena. Watoto wake nao walilala na nguo zao chini ya vichwa. Wiki ya tatu ilipokwisha nikaona ile kamba yetu ya nguo haitoshi, na tena inamwambia shangazi kila siku kwamba hana mahali.

Nilipotangaza kwamba nitajenga kabati, kaka yangu alikubali haraka, ila alikuwa na mpango wake.

"Wageni watengee rafu moja ya chini," alisema. "Manake wana nguo gani hao?"

Kweli, nguo hawakuwa nazo. Nyingi zilichukuliwa na maji. Lakini mimi nilishikilia kila mtu apate nafasi sawa, awe na nguo kumi au moja. Kaka akacheka, ati nataka kuhifadhi hewa. Tulibishana mpaka hawe, aliyekuwa akichambua mchicha, akainua uso: "Pimeni sawa, au msijenge." Kaka akanyamaza.

Basi hesabu ikawa hivi. Watu wanane, kila mmoja shubiri mbili za upana, yaani dhiraa moja. Rafu nne, kila moja ya watu wawili, zinachukua upana wa dhiraa mbili. Ukiongeza dhiraa mbili nyingine za kutundikia magauni na mashati, jumla ni pima moja, nusu ya ukuta wetu. Mwalimu wetu wa hisabati hupenda kuuliza haya mambo tutayatumia wapi. Hapo!

Wengine watauliza kwa nini sikupigilia rafu ukutani moja kwa moja. Nyumba za kale za mawe kule Lamu zina zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu ukutani kwa kuwekea vyombo. Matumbawe na chokaa huweza kazi hiyo. Ukuta wa fito na udongo hauwezi. Msumari ukiukosa mti ulio ndani hauna cha kushika, na uzito ukizidi, bonge zima la udongo huanguka nao. Kwa hiyo kabati lilipaswa kusimama kwa miguu yake lenyewe.

Mvinje hulimwa sana pwani yetu, hunyooka vizuri na bei yake si mbaya. (Mkoko ungedumu zaidi, lakini mfuko wangu naujua.) Adui wa mvinje ni mchwa. Kila mguu niliusimamisha ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, na kabati lote nikaliweka shubiri moja mbali na ukuta, ili mchwa wakijenga njia yao ya udongo tuione mapema. Mvinje mkavu hupasuka ukiupiga msumari mnene, hivyo maungio makubwa niliyafunga kwa kamba ya usumba, kama wafungavyo waezekaji wa makuti. Fundi mmoja jirani alisimama mlangoni akauliza tangu lini msichana akajenga kabati. Nilimwomba anishikie timazi, akashika.

Timazi yenyewe ilikuwa uzi na jiwe. Kujua kama pembe ziko sawa, nilipima kwa kamba kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo vikilingana, kabati halijapinda. Nyuma nikakaza mti mmoja wa mshazari. Bila huo, mtoto akivuta shati, kabati zima linacheza chakacha. Mabanzi ya rafu niliyaachia nafasi ya kidole ili hewa ipite, maana masika ya kwetu huotesha ukungu hata kwenye viatu. Majani makavu ya mwarobaini yakawekwa kila rafu kwa ajili ya nondo na mende.

Siku ya kuhamia, sisi tulijaza sehemu zetu kwa kelele. Watoto wa shangazi waliweka walichonacho: kaptura, fulana, daftari moja lililovimba kwa maji. Shangazi alilitazama kabati kwa muda. "Hii ya nani?" akauliza, akigusa rafu ya pili. Nikamwambia, "Yako, shangazi." Akalibeba furushi akaliweka pale, zima, na fundo lake.

Lilikaa hivyo siku nne. Siku ya tano nilirudi kutoka kisimani nikaikuta ile kanga iliyofungia furushi imetandazwa mbele ya kabati lote kama pazia, imekazwa kwa misumari yangu iliyobaki.

Machi 2024 shangazi alirudi bondeni kulima, akawaacha watoto wake kwetu waendelee na shule. Rafu yake haina kitu siku hizi ila leso moja na majani ya mwarobaini. Kaka ameshaiomba mara mbili aweke vitabu vyake. Hawe amemkatalia mara mbili.